Chombo cha umeme tumekiona, je, tutakichaji wapi?

Tangu Rais Ruto azindue mpango wa pikipiki za umeme hapa Mombasa mnamo Septemba 2023, mazungumzo ya mabarazani yamekuwa ni bei ya chombo na kama kina nguvu za kupanda Nyali Bridge na abiria wawili. Hayo ni maswali ya haki. Lakini mimi naona suala kubwa zaidi halijaulizwa: chombo hicho utakichaji wapi, na kwa mita ya nani?

Tuanze na hesabu. Betri ya bodaboda ya umeme huchukua kama yuniti tatu za stima, nayo inaweza kukupeleka karibu kilomita 80 au 90. Yuniti ya nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo zote, huweza kufika karibu shilingi 30. Basi ni kama shilingi 90. Mwendo huo huo kwa petroli unataka lita mbili, na kwa bei za miaka hii hizo ni zaidi ya shilingi 300. Kwa kijana anayeamka alfajiri kutafuta riziki, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Sasa njoo kwenye nyumba zetu. Mwenye nyumba yake na uwanja wake hana tabu. Lakini wengi wetu Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe tunapanga. Vyumba sita, ukumbi mmoja, mita moja, na tokeni za kuchangiana. Mpangaji mmoja akichaji bodaboda kila usiku, kwa mwezi ametumia yuniti 90 peke yake.

Hapo tatizo si tokeni kuisha mapema tu. Bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa madaraja: mita inayotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, inayotumia hadi 100, na inayopita 100. Ukipanda daraja, kila yuniti inakuwa ghali zaidi. Kwa hivyo bodaboda ya mtu mmoja yaweza kumpandishia bei hata bibi wa chumba cha pili mwenye taa moja na redio. Kuchaji kwa siri katika mita ya wote ni kula haki ya jirani, na sote tunajua dini yetu inasema nini kuhusu jirani.

Dawa kwenye karatasi ipo. Tangu Aprili 2023, mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 usiku wakati matumizi ya stima yamepungua, kabla ya kodi na tozo. Lakini bei hiyo haiji yenyewe kwenye mita ya kawaida ya nyumbani. Hivyo nafuu inamfikia kwanza mwenye kampuni na mwenye kiwanja, na mpangaji anabaki kuisikia redioni.

Njia anayoachiwa mpangaji ni kubadilisha betri kituoni. Ni dakika chache tu, unaacha tupu unachukua iliyojaa. Ila betri si yako. Kampuni ndiyo inayopanga bei, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kituo cha mtaani kwako kikifungwa, chombo chako ni chuma tu. Tusije tukawatoa vijana mikononi mwa petroli tukawatia mikononi mwa mwenye betri.

Na wenye magari nao wasidhani wamesalimika. Nissan Leaf ya betri ya yuniti 40, ukiichaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani, huchukua zaidi ya saa 16. Hiyo ni sawa na birika la stima lisilozimwa usiku kucha. Kwa nyaya za zamani na ekstensheni za kuungaunga, ni kutafuta moto. Betri ya gari hilo pia haina mfumo wa kupoza kwa maji, na joto letu la Januari halina huruma. Kisha kwenda Nairobi ni kama kilomita 480, na njia yote ni kupanda. Hufiki bila kuchaji njiani, na vituo vingi vya kuchaji vimejaa huko huko Nairobi.

Rai yangu ni hii. Kaunti zetu zitenge sehemu za kuchaji kwenye stendi za bodaboda na tuktuk, kwa mita ya bei maalumu, na bei ibandikwe ukutani. Wasimamizi wa mali za wakfu wafikirie kutoa pembe ya kiwanja kwa kazi hiyo. Kodi yake itasaidia misikiti na madrasa. Wenye nyumba waweke mita ndogo ya pembeni kwa anayechaji, ili kila mtu alipe chake. Na wabunge wetu wadai sheria ya betri zinazoingiliana.

Mafuta ya nchi hii hushushwa hapa Kipevu, na bado twayanunua kwa tabu. Stima nayo isije ikatupita juu ya vichwa, ikawanufaisha wengine, nasi tukabaki kuhesabu nguzo.