Maji yapimwe kando ya bomba la mafuta

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania. Mkoani Dodoma limepitishwa Kondoa na Chemba. Tangu uthamini ulipofanyika, mazungumzo mengi vijijini yamekuwa ya fidia: shamba shilingi ngapi, mti gani umehesabiwa na upi umerukwa. Ni haki yao kuuliza. Suala la maji, hata hivyo, halijapata nafasi inayostahili.

Uwanda huu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki watu na mifugo hutegemea lambo, kisima kirefu, au kisima cha kufukua kwenye mchanga wa mto uliokauka. Mkulima wa alizeti akikosa mvua hupoteza msimu. Mfugaji wa Kibarabaig kule Hanang akipoteza kisima hana pa kuhamia. Malisho yake mengi yalichukuliwa na mashamba ya ngano tangu miaka ya 1970.

Wenye mradi nao wana hoja. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba limeundwa kupashwa joto la nyuzi 50 za Sentigredi. Yakivuja kwenye ardhi kavu hayasambai haraka. Lakini korongo likijaa Januari hubeba chochote kilichomo, na mengi ya makorongo hayo huishia lamboni.

Huko Ogoni, Nigeria, uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2011 ulikuta maji ya visima vya Nisisioken Ogale yana benzini, kemikali inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubalika. Wakazi wa Bodo, ambako bomba lilipasuka mwaka 2008, walisubiri hadi 2015 ndipo Shell ilipokubali kulipa pauni milioni 55. Katikati ulikuwapo ubishi mrefu kuhusu kiasi kilichomwagika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka anayechafua alipe, lakini mdai lazima awe na ushahidi. Halmashauri za vijiji zidai kila lambo na kisima kilicho jirani na bomba kipimwe, kiangazi na wakati wa mvua, kwa gharama za mradi. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, nakala ibaki ofisi ya kijiji na nyingine NEMC. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani akisikia tetesi kwamba lambo lina mafuta hasubiri mahakama, anageuza gari.