Mkopo wa Umeme Tunaulipa Sisi

Ndugu wafanyakazi wa Busia na Malaba,

Umeme wa Jinja ulianza kuuzwa Kenya mwaka 1958, ukivuka mpaka huu huu kwenda Nairobi. Sisi tulibaki na koroboi. Mwaka 2015 serikali ilianza kuwaungia stima walio ndani ya mita 600 za transfoma, kwa fedha za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wengine huziita msaada. Sisi twasema nyingi ni mkopo, na mkopo hulipwa: hulipwa na mpakizi, fundi wa kuchomelea na msaga unga, kwa kodi zao.

Basi twataka tuelezwe riba kabla ya sahihi kutiwa. Deni ni la wote. Taa nazo ziwe za wote.