Mashabiki wa Kitengela hutoka kabla ya kipenga

JE, msomaji mpenzi, umewahi kulipa kiingilio cha mpira kisha bao la ushindi ukalisikia tu ukiwa barabarani? Mimi yamenikuta, na najua si peke yangu. Nilikuwa na wanangu wawili, binti wa miaka 12 na nduguye wa miaka minane, na safari yenyewe ilianza kwa furaha tele.

Tulitoka Kitengela saa sita mchana. Mama watoto alikuwa ametufungia chapati na chai kwenye thamosi. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyeyaona mengi, akasema: "Baba watoto, uniletee hawa mapema. Kesho ni shule." Nikaahidi, kama wanaume wanavyoahidi siku za mpira.

Kwenda hakuna taabu. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983 kwa watazamaji wapatao 30,000, uko pale pale tunapopita. Ukitoka Kitengela wapita Athi River, Mlolongo, Cabanas na Bellevue, kisha waziona nguzo za taa za uwanja. Makanga akagonga bati, tukashuka. Nauli ilikuwa Sh100 kila kichwa. Watoto wakanunuliwa njugu, wakakaa kitako, wakaanza kuimba nyimbo ambazo hata sijui walizifundishwa na nani.

Mechi ilianza saa kumi. Mapumziko yakafika bila kwa bila. Ilipotimia saa kumi na moja na nusu, dakika kama 15 zikiwa zimebaki, nikawashika mikono na kuwaambia twende. Binti yangu alinitazama kana kwamba nimemwambia tuuze nyumba. "Baba, mpira haujaisha!"

Nilijua haujaisha. Lakini nilijua pia jambo ambalo kila mkazi wa Kitengela analijua. Jioni matatu za kurudi kwetu hupakia mjini, zikifika Nyayo zimejaa pomoni, na hakuna ya kukusimamia. Kwa hiyo shabiki wa Kitengela anayetaka kwenda kusini hulazimika kwanza kutembea kaskazini hadi mjini, akapange foleni stejini pamoja na waliotoka kanisani, sokoni na kazini. Akichelewa na umati mzima wa uwanjani ukamtangulia, atafika nyumbani usiku wa manane.

Basi tukatoka. Tulikuwa tunakaribia mzunguko wa Bunyala Road uwanja uliponguruma nyuma yetu, mngurumo ule ambao mtu hakosi kuutambua. Tukasimama wote watatu. Binti yangu akauliza: "Baba, hilo ni letu au ni lao?"

Sikuwa na jibu. Ilibidi tumuulize kijana mmoja muuza miwa aliyekuwa na redio ndogo juu ya mkokoteni wake. Lilikuwa letu. Kijana wangu mdogo aliruka kwa furaha. Dada yake hakuruka. Alitembea kimya hadi stejini, akasimama kimya kwenye foleni, na tulipoingia kwenye matatu, nauli sasa ikiwa Sh150, ndipo akasema: "Baba, sisi tunakaa Kitengela. Mbona timu yetu iko mbali hivi?"

Swali hilo limenikosesha usingizi, na ndilo nililokuja nalo kwako leo.

Marehemu baba yangu alifanya kazi Athi River. Mwaka 1987 Gor Mahia ilipocheza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, yeye na wenzake walichanga pesa wakakodi lori hadi Kasarani, uwanja uliokuwa mpya kabisa, uliofunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikuwa 2-2. Ya Nairobi ikawa 1-1, na Gor ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe hilo. Mzee aliisimulia safari hiyo mpaka siku zake za mwisho, na ajabu ni kwamba alisimulia lori zaidi ya mabao: nani aliimba, nani alianguka akipanda, nani alipoteza kiatu.

Wakati huo hapa tunapokaa palikuwa mbuga. Nyumbu walitoka mbuga ya Nairobi wakapita hadi huku kutafuta malisho. Leo ni mabati, maghorofa na ploti zilizozungushiwa ua. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840, na zaidi ya 150,000 kati yao wako Kitengela peke yake.

Watu hawa wametoka wapi? Wengi wametoka mitaa ya Nairobi. Ni wana wa Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Jericho, mitaa ambayo mtoto aliamka Jumapili, akala, kisha akatembea kwa miguu hadi City Stadium pale Jogoo Road, uwanja ambao baadaye ulipewa jina la Joe Kadenge, gwiji aliyefariki mwaka 2019. Mtoto hakuhitaji nauli. Hata asiye na kiingilio alisimama nje akasikia kelele, na dakika za mwisho malango yakifunguliwa aliingia. Watoto hao wamekuwa wazazi, wakanunua ploti, wakahamia Kitengela, Isinya na Kisaju. Mapenzi ya klabu wamekuja nayo, lakini ule mwendo wa dakika 20 kwa miguu waliuacha kule kule.

Ndiyo maana husikitika nikisikia watu wakisema redioni kwamba Wakenya hawapendi tena mpira wao. Si kweli. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda, Harambee Stars iliichapa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikaifunga Morocco, ikaifunga Zambia, na haikutoka mpaka robo fainali, kwa mikwaju ya penalti mbele ya Madagascar. Kasarani ilijaa. Kwa hakika ilijaa kupita kiasi, watu wakavamia malango bila tiketi hadi Shirikisho la Soka Afrika likatutoza faini na kupunguza tiketi za kuuzwa. Watu wasiopenda mpira hawavamii malango.

Hapo sitetei uvamizi. Oktoba 2010 mashabiki saba walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye lango la Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Saba walioaga nyumbani kama nilivyoaga mimi, wakaahidi kurudi. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda uwanjani si mwoga. Anakumbuka.

Sasa tufanye hesabu. Siku ile nauli ya kwenda ilikuwa Sh300 kwa watu watatu. Kiingilio Sh200 kila mmoja, jumla Sh600. Njugu, soda na maji Sh300. Kurudi Sh450. Jumla Sh1,650. Kwa kibarua wa mjengo hapa kwetu, hizo ni siku mbili au tatu za jasho. Na nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna kibanda cha video ambapo vijana hulipa Sh30 wakatazama mpira wa Uingereza, wakiwa wameketi, hawanyeshewi, na mpira ukiisha wanatembea hatua 50 kufika kitandani. Kwa watatu ni Sh90. Msomaji, tusimlaumu kijana huyo na kumwita msaliti. Anajua kujumlisha.

Isitoshe, mechi za Uingereza za Jumamosi, zile zinazoanza saa tisa alasiri kule kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni au saa kumi na mbili, kutegemea majira. Mechi yetu inayoanza saa kumi hugongana nazo, kisha humwachilia shabiki wakati ule ule ambao matatu ni haba na nauli imepanda.

Na uwanja wenyewe hutangatanga. Klabu zetu kubwa mbili zimeishi miaka yote hii bila uwanja wa kuuita wao, zikikodi hapa na pale. Nyayo ilifungwa kwa ukarabati mwaka 2017 hadi 2020, ikaja ikafungwa tena, na kila mara "nyumbani" kukahamia Machakos, au Kasarani, au kwingineko. Kwa mtu wa Kitengela, Machakos ni kupita Athi River na kukata kona kule Kyumvi. Kasarani ni kuvuka Nairobi nzima na kupanda matatu mbili. Wenzetu wa Tanzania wana Simba na Yanga, na wao pia kwa miaka mingi wametumia uwanja wa taifa, huu wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007. Lakini shabiki wa Dar es Salaam, mechi kubwa inapokaribia, hahitaji kuuliza mara tatu njia ni ipi. Mazoea ya njia ni nusu ya ushabiki.

Je, tufanye nini? Mimi si kiongozi wa soka, lakini nina mambo matatu.

La kwanza ni saa. Mechi ikianza saa nane badala ya saa kumi, shabiki wa Kitengela, wa Isinya, hata wa Kajiado mjini aliye kilomita kama 80 kutoka Nairobi, atasikia kipenga cha mwisho na bado jua liko juu. Wachezaji watasema kuna joto. Ni kweli, lakini na wanywe maji. Mtoto aliyeondoka dakika ya 75 hatanyweshwa bao lililompita.

La pili ni lile lori la baba. Mashabiki 14 wa mtaa mmoja wakikodi matatu nzima kwa, tuseme, Sh4,200, kila mmoja atatoa Sh300, na gari litawasubiri mpaka mwisho. Ni Sh50 zaidi ya nauli niliyolipa, na huo ndio bei ya bao. Matawi ya mashabiki yapo katika mitaa mingi, lakini mengi huonekana siku ya kupiga picha na jezi. Yajishughulishe na usafiri. Na klabu ziyaulize matawi hayo: mnatoka wapi, mko wangapi, mna watoto? Klabu isiyojua mashabiki wake wanalala wapi haiwezi kujua kwa nini hawaji.

La tatu ndilo nililojifunza kutoka kwa binti yangu. Jumapili iliyofuata hakutaka kusikia habari za Nyayo. Badala yake alinishika mkono tukatembea dakika 15 hadi kiwanja cha vumbi nyuma ya mtaa wetu. Timu mbili za vijana zilikuwa zikicheza. Hakuna lango la kulipia, hakuna kiti. Tulisimama chini ya mgunga. Mbuzi wawili waliingia karibu na kona, mwamuzi akasimamisha mpira mpaka wakaondolewa na mchungaji wao, aliyekuwa akishangilia mojawapo ya timu hizo. Binti yangu alihesabu watazamaji. Walikuwa 43, nasi tukiwamo.

Mzee mmoja aliyewafunza vijana wale alinijia wakati wa mapumziko. "Kijana wangu," akaniambia, "wewe nakuona kila siku stejini na jezi. Hapa sijakuona." Sikuwa na la kumjibu isipokuwa, "Ni kweli, mzee." Akaniambia kwamba timu yake ikienda kucheza Kajiado, Uwanja wa Ildamat, kilomita kama 50, vijana huchangishana nauli wenyewe kwa wenyewe, na wakikosa hubaki. Nikaikumbuka ile Sh1,650.

Sisemi tuziache klabu kubwa. Damu ni damu, na mwezi ujao tutarudi Nyayo, safari hii kwa gari la kukodi. Tayari nimepata majina tisa. Lakini mtoto akiuliza kwa nini timu yake iko mbali, huenda tatizo si umbali wa timu. Huenda baba yake hajawahi kutembea dakika 15 upande wa pili.

Mechi ile ya vumbi iliisha 3-2. Tuliyaona mabao yote matano. Tulifika nyumbani jua halijatua, na mama watoto akaniuliza kama naumwa.

Nawe, msomaji mpenzi wa Ongata Rongai, wa Ngong, wa Bissil au wa Namanga, kiwanja cha karibu nawe kiko wapi, na mara ya mwisho ulisimama kando yake lini? Lijadilini mezani leo baada ya chakula. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.