Nyumba ya mkimbizi wa ndani ipakiwe kwenye chukudu

Kila mara watu wanapokimbia huku mashariki mwa Congo, kitu cha kwanza kuachwa nyuma ni nyumba. Masufuria yanabebwa, bidoni la maji linabebwa, mtoto anafungwa mgongoni, na godoro linawekwa kichwani. Kibanda chenyewe kinabaki. Mwaka 2025, baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari, kambi za pembezoni mwa mji zilibomolewa ndani ya muda mfupi: Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine. Mwenye vijana wa kumsaidia alifungua turubai lake, akalikunja na kuondoka nalo. Lakini mzee asiye na mtu, ao mama mjamzito mwenye watoto watatu wadogo, angelifungua saa ngapi? Turubai lililopigiliwa misumari likivutwa kwa haraka linapasuka, na lililopasuka halizuii tena mvua ya Masisi.

Msaada wa makao umekuwa ukitolewa kana kwamba familia ikishafika kambini itakaa hapo mpaka vita viishe. Watu wa Kivu Kaskazini wanajua mambo hayaendi hivyo. Wapo waliotoka Rutshuru wakafika Kibumba, wakatoka Kibumba wakafika Kanyaruchinya, kisha wakashuka Goma, na sasa wako tena njiani kurudi walikotoka. Kila kituo walianza upya kutafuta miti, kuomba turubai na kulala nje siku za kwanza. Familia ya namna hiyo inahitaji nyumba inayokunjwa na chombo cha kuibebea, vyote viwili kwa pamoja. Na chombo hicho hakuna haja ya kukitafuta ng'ambo.

Wazo lenyewe si geni duniani. Marekani na Australia kuna familia zenye kijumba cha kukunja kinachovutwa nyuma ya gari. Barabarani kinaonekana kama sanduku fupi lenye magurudumu mawili. Kikifika pa kulala, paa linanyanyuliwa, vitanda vinavutwa nje pembeni, na kuta za turubai zinasimama. Wengi wananunua kilichochakaa kwa bei ndogo, kisha wanakitengeneza kipite njia mbovu. Ekseli inahamishwa ikae chini ya springi ili sanduku liinuke juu ya mawe, mapine yanabadilishwa kuwa makubwa, vitu vizito vinapangwa chini na karibu na ekseli, na turubai lililooza linashonwa upya. Wao wanafanya hivyo kwa ajili ya matembezi ya likizo, na hapo hawafanani hata kidogo na mama anayetembea kwa miguu kutoka Sake. Lakini maswali ya fundi ni yaleyale: uzito ukae wapi, gurudumu litavuka jiwe gani, na nyumba itasimama baada ya dakika ngapi mvua ikianza.

Huku maswali hayo yalikwisha kupata sehemu ya majibu zamani. Chukudu inatengenezwa kwa mbao ngumu, mara nyingi mkaratusi, na magurudumu yake ni ya mti yaliyovishwa mpira wa pine ya zamani. Haitumii mafuta ya gari, na haina kipuri cha kusubiri kutoka Dubai. Fundi mwenye panga, patasi na nyundo anaitengeneza pembeni ya barabara. Inashuka kutoka Kibumba ikiwa na mamia ya kilo za kabichi, viazi ao makaa, dereva amepiga goti moja juu yake na mguu mwingine unasukuma. Mji wa Goma uliiheshimu kiasi cha kuijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009 na Rais Joseph Kabila. (Anayeisukuma ile ya mbao hajapata dhahabu yoyote, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Hata hivyo chukudu ya kawaida iliundwa kwa ajili ya mzigo wa biashara na barabara ya mteremko. Ili ibebe nyumba ya familia, lazima ibadilishwe, na mabadiliko yenyewe si makubwa. Gurudumu la mbele liwe pana na kubwa zaidi, kwa sababu gurudumu dogo linakwama katikati ya mawe ya volkano, na kutoka Goma kwenda Sake ao Kibati kila njia ndogo ni mawe hayo. Ubao wa kubebea ushuke kidogo ili mzigo ukae chini. Chukudu iliyopakiwa juu sana inaanguka kwenye kona, na mwenye kuumia kwanza ni aliye karibu nayo. Pembeni pawekwe vishikio viwili vya kulaza miti ya hema. Nyuma pawe na mguu imara wa kuisimamisha, ili ikifika pa kulala ibaki wima na ubao wake uwe meza, ao kitanda cha mgonjwa, juu ya ardhi yenye maji. Machukudu mengi yaliyochakaa yamelala nyuma ya nyumba za watu gurudumu moja likiwa limevunjika. Fundi anaweza kuanzia hapo bila kukata mti mpya.

Kisha nyumba yenyewe. Turubai la msaada linalojulikana kote lina mita 4 kwa 5, ao 4 kwa 6, na uzito wake hauzidi kilo sita. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya kiutu duniani, unataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya makao. Kwa familia ya watu sita hizo ni mita 21. Turubai la 4 kwa 5 likilazwa chini lote halifiki hapo, na likipindwa liwe paa na kuta, sehemu kavu inayobaki ni ndogo zaidi sana. Kwa hiyo familia inahitaji maturubai mawili, na hata mawili ni kilo kumi na mbili tu. Kwa chukudu huo si mzigo.

Kinachosumbua ni miti. Familia inapewa turubai, halafu inaambiwa itafute miti yenyewe, na wanaoenda kuitafuta ni akina mama na wasichana, pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga, mahali ambapo wengi wamebakwa na wengine hawakurudi. Miti ikishapatikana inachomekwa kati ya mawe, inapindwa na kufungwa, na siku ya kuondoka haing'oki salama. Miti iliyokatwa kwa urefu wa chukudu, yenye vipande vinavyoingiliana kwa kipande cha bomba, ingefunguliwa na watu wawili na kubebwa. Turubai nalo lifungwe kwa kamba kupitia matundu yake ya pembeni. Msumari ni adui wa nyumba inayohama, na hilo linapaswa kusemwa siku ileile ya kugawa, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, Kihunde ao Kinande, si kwenye karatasi ya Kifaransa.

Kuna viongozi wanaosema kwamba kuwapa watu nyumba ya kuhama ni kuwazoesha kuhama, na kwamba pesa hiyo iwekwe kwenye kuwarudisha makwao. Hoja hiyo inasikika vizuri mkutanoni. Lakini anayerudi Sake, ao kijiji cha Masisi ambako nyumba imeungua ao imebaki bila mabati, analala wapi usiku wa kwanza? Shamba limeota majani, mbegu hakuna, na huko milimani usiku ni baridi hata pasipo mvua. Kurudi nyumbani nako ni safari, na inahitaji hema kuliko hata kambi, maana kijijini hakuna darasa la shule ao kanisa la kujibanza kila mahali. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, maelfu waliokwenda Sake walilala hivyo hivyo, na wale hawakuwa hata wakimbizi wa vita.

Swali gumu zaidi ni nani ataisukuma. Chukudu ni kazi ya wanaume vijana, na familia nyingi zinazokimbia zinaongozwa na mama anayebeba mzigo kwa kamba kwenye paji la uso. Kumpa kila mama chukudu yake haitasaidia kama hana nguvu ya kuipandisha mlima. Afadhali chukudu moja kwa familia tatu ao nne zilizotoka kijiji kimoja, chini ya kamati yao, na kijana wao mmoja ao wawili wakilipwa kidogo kwa kuitunza. Wazee na walemavu wa familia hizo wahesabiwe kwanza. Bila mpango huo, yule mwenye nguvu ataichukua akabebe makaa ya tajiri, na hilo halitashangaza mtu.

Na iwepo ahadi moja kutoka kwa kila anayeweka kizuizi barabarani, awe nani: chukudu yenye turubai, miti na watoto isilipishwe kitu. Leo msukuma chukudu analipa mara kadhaa kabla ya kufika sokoni. Mama anayehama na nyumba yake hana kabichi ya kuuza akifika.