Maktaba Isimwaibishe Msomaji

Yupo askari shupavu, wa jeshi au wa polisi, ambaye herufi humchanganya. Naye huficha shida hiyo akihofia kuitwa mjinga. Huo si ujinga wala uvivu. Ni disleksia, hali ya kimaumbile inayomtatiza mtu kuunganisha herufi na sauti zake.

Mwaka 2018 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofungua njia ya kuwatolea watu wa namna hii vitabu vya kusikiliza. Basi maktaba za umma za Kampala ziwe na vitabu hivyo, pamoja na watumishi wasiomcheka msomaji wala kumharakisha.

Nanyi makamanda, msimwaibishe askari huyo mbele ya wenzake, mwelekezeni maktabani. Silaha hutunzwa, akili nayo itunzwe.