Matangazo ya dijitali: Mnarani isiachwe baina ya minara

MAMLAKA ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analojia jijini Nairobi mnamo Februari 14, 2015, mjadala wa umma ulitekwa na mvutano baina ya serikali na vituo vikubwa vya runinga, ambavyo vilitoweka hewani kwa takriban majuma matatu. Swali la nani atafikiwa na mawimbi, na nani ataachwa, halikupewa uzito uliostahili.

Jiji lina ugumu wake. Majumba marefu huzuia mawimbi, hivyo hulazimu mitambo kadhaa itumie masafa yale yale kwa pamoja. Mawimbi husafiri kilomita moja kwa takriban mikrosekunde 3.3, kwa hivyo king'amuzi huyapokea ya kila mtambo kwa wakati tofauti. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, mawimbi husaidiana. Ikizidi kiwango kilichowekwa, huvurugana. Gharama ya mpango huo hufidiwa na wingi wa watazamaji: sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi, katika takriban kilomita 700 za mraba.

Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 waliotawanyika katika zaidi ya kilomita 12,000 za mraba. Mkazi wa Mnarani, kusini mwa hori la Kilifi, yuko takriban kilomita 60 kutoka Mombasa, na karibu umbali kama huo kutoka Malindi. Jina la kijiji chake lakumbusha mnara, lakini kwa mpangaji wa masafa yeye yuko katikati ya minara.

Enzi za analojia, picha hafifu ilijaa chengachenga, bali mtu aliendelea kutazama. Dijitali haina huruma hiyo: picha huwa safi hadi nguvu ya mawimbi ishuke chini ya kiwango fulani, kisha huganda na kutoweka. Ndiyo maana ramani inayoonyesha eneo zima kuwa limefikiwa yaweza kuficha nyumba zilizo bondeni, au zenye antena za ndani.

Mgala muue na haki umpe. Dijitali hubeba chaneli nyingi katika masafa yaliyobeba moja, na mkataba wa Geneva wa 2006 ulikuwa umeweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia. Kenya haikuwa na budi kuhama.

Hata hivyo, anayekosa mawimbi hulazimika kugharimia dishi la setilaiti ili aone kile ambacho mwenzake wa jijini hukipata bila malipo. Tahadhari ya mafuriko nayo haipaswi kumfikia kwa kutegemea uzito wa mfuko wake.

Inafaa basi ramani za mawimbi zichapishwe kwa kila wadi, zipimwe mapaani badala ya kwenye kompyuta pekee, na leseni zilazimishe ujenzi wa mitambo midogo ya kuziba mapengo. Biashara pekee itajenga minara penye watu wengi. Kuwafikia waliobaki ni wajibu wa serikali.