Jua la Shinyanga, Dhahabu ya Geita

Mwaka 2023 TANESCO ilitia saini mkataba wa kujenga mtambo wa umeme wa jua wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga: megawati 50 awamu ya kwanza, kati ya 150, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Hatua hiyo tunaipongeza. Lakini umeme huo umekusudiwa gridi ya Taifa, na gridi ikizimika, zahanati ya mtaani isiyo na jenereta nayo huzimika. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hatujausahau. Mzazi hasubiri umeme urudi.

Kwa hiyo twasema: zahanati na visima vya maji vya mijini vifungiwe paneli na betri kwa fedha za umma. Zitoke wapi? Migodi ya Geita na Kahama hulipa halmashauri ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa mauzo. Tena Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, yamtaka mwenye leseni kukubaliana kila mwaka na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Hiyo ni amana, na dhahabu ikishachimbwa haioti tena kama mtama.

Watasema betri ni ghali. Ni kweli, na paneli zilizotelekezwa kwa kukosa fundi twazijua. Basi fungu la matengenezo liandikwe humo humo. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Twendeni tukaulize: mwaka huu ni zahanati ipi?